Watoto wa Kaka Yangu Walikataa Kulala Ndani

Jioni moja likizo iliyopita nilitoka uani kuanua mashuka ya watu, nikakuta wageni wangu wamehama nyumba.

Hawakutoroka. Hawakuibwa. Walikuwa pale pale uani, katikati ya kamba zangu za kuanikia, ndani ya hema la kijani lililosimama upande kama mlevi anayeegemea ukuta.

Yule mkubwa, wa miaka saba, akatoa kichwa.

"Shangazi, sisi sasa tunakaa huku."

"Huku wapi?"

"Huku nje. Usijali, hatutakusumbua."

Nilicheka, jamani. Nilicheka mpaka nikashika kamba nisianguke. Nikajua ni michezo ya watoto, giza likiingia watakuja wenyewe mbio.

Hawakuja.

Ngoja niwaanzie mwanzo, maana hii habari nimeibeba moyoni muda mrefu na sina wa kunitua.

Mimi ni dobi. Si wale wa mashine zinazozunguka zenyewe huku mtu anachati, la. Mimi nafua kwa mikono na kunyoosha kwa pasi nzito. Nina mashuka ya nyumba mbili za kulala wageni, na mashati ya wanaume ambao wake zao wamechoka kuwanyooshea.

Naishi peke yangu. Mume wangu alishatangulia mbele za haki, na mtoto hatukujaliwa. Nyumba ina sebule ninayonyooshea nguo, chumba ninacholala, na chumba cha wageni. Wageni wenyewe hawaji.

Mtaani wananitania. Wanasema hata inzi akitaka kuingia kwangu anavua viatu kwanza.

Usafi huo msiuonee wivu. Nyumba isiyo na wa kuichafua itachafukaje?

Jioni nikinyoosha nafungulia redio. Taarifa ya habari hata siisikilizi, nataka tu kuwe na mtu mwingine anaongea. Sufuria yangu kubwa iko juu ya kabati, mfuniko wake sijui hata uko wapi.

Basi siku moja simu ikaita. Kaka yangu, yule anayenifuata kwa kuzaliwa, dereva wa malori ya safari ndefu. Sauti yake imechoka.

"Dada, mambo yamenielemea. Wifi yako ujauzito unamsumbua, wamemlaza. Hatoki mpaka ajifungue. Shule zimefungwa, watoto niliwapeleka kwa mama yao mkubwa, lakini naye ana safari. Mimi niko barabarani."

"Sasa?"

"Sasa nitakuletea wanao."

Wanao! Alilisema tu kama tunavyosema wote, lakini mwenzenu moyo ulilia pa! Nilikata simu nikaenda kufua mapazia ambayo hayakuwa machafu. Nilinunua miswaki miwili ya rangi rangi. Nilitandika kitanda cha wageni, nikakitandua, nikakitandika tena kwa shuka zuri zaidi.

Nilipanda hata juu ya kiti kushusha ile sufuria kubwa.

Walikuja kesho yake. Mkubwa ni msichana, na kwao wanamwita Wakili, maana haachi neno lipite bila kulihoji. Mdogo ni wa kiume, miaka minne, mashavu yamejaa, wanamwita Kibonge. Yeye haulizi sana. Anamsikiliza dada yake, dada akiamua basi na yeye ameamua.

Kaka akashusha begi lao moja, halafu akashusha mfuko mrefu.

"Na huu?"

"Hema. Niliwaahidi likizo hii tutakwenda kupiga kambi. Sasa kambi gani tena, na mama yao yuko kitandani? Wachezee tu."

Alikunywa chai amesimama. Mlangoni akaanza kutoa maagizo kama mwalimu wa zamu. Mnawe mikono. Msipigane. Mseme asante. Msimchoshe shangazi.

"Maana wahenga walisema mgeni siku mbili..."

"Siku ya tatu mpe jembe!" nikamalizia mimi, kwa mdomo wangu huu huu.

"Jembe la nini?" Kibonge akauliza.

"La kufukuzia wageni sugu," kaka akamjibu, akimfinya shavu.

"Na langu lipo nyuma ya mlango wa jikoni," nikachombeza. "Lina makali hilo!"

Tulicheka, mimi na kaka. Kaka akapanda gari akaenda zake, na mimi nikaingia ndani kuanza kuwa shangazi.

Sasa hapo ndipo kazi ilipokuwa. Kupenda watoto na kujua kuongea nao ni vitu viwili. Mtu akikaa peke yake muda mrefu maneno yanamkauka. Yanayobaki ni ya kuamrisha.

"Vua viatu. Nawa. Usiguse hayo, ni ya watu. Usikanyage shuka. Maliza sahani. Kunja blanketi."

Na walikuwa wanatii, nawaambieni. Kibonge alikuwa anakula huku ameweka mkono chini ya kidevu, punje isidondoke. Wakili akiamka anakunja blanketi pembe kwa pembe. Nami nikajisifu moyoni kwamba kaka kalea watoto wenye adabu.

Siku ya kwanza hivyo. Siku ya pili hivyo.

Siku ya tatu ndiyo jioni ile waliyohamia kwenye hema.

Na mvua ilishuka usiku huo huo. Mvua ni adui wa dobi, mnajua, lakini siku hiyo sikukumbuka hata nguo za watu. Nilitoka na mwavuli.

"Ingieni ndani, mtaugua!"

"Tuko sawa, shangazi," ikajibu sauti ya Wakili.

"Kibonge, njoo kwa shangazi."

Nikasikia akinong'onezwa, naye akasema, "Niko sawa, shangazi."

Ningewabeba kwa nguvu, lakini nilishindwa. Niliogopa wasije wakanichukia. Nikachukua yale mapande ya plastiki ninayofunikia mafurushi ya nguo, nikawafunika juu, nikafunga kwa kamba za kuanikia. Halafu nikaweka kiti kwenye mlango wa jikoni, nikajifunika khanga, nikawalinda mpaka asubuhi.

Nikadhani yataisha. Hayakuisha.

Cha ajabu ni kwamba mchana tulikuwa tunaelewana vizuri. Walikuwa wananisaidia kukamua mashuka, Wakili upande mmoja, mimi upande wa pili, Kibonge ananing'inia katikati. Tulicheka. Walikula ndani, walioga ndani, walilala ndani hata usingizi wa mchana, kwenye mkeka.

Ila jua likianza kuzama, Wakili anamshika mdogo wake mkono, wanatoka.

Kuku wa jirani jua likizama wanaingia ndani. Wangu wanatoka. Nilichoka.

"Wakili, niambie ukweli. Kuna kitu hukipendi humu ndani? Kitanda kigumu?"

"Kitanda kizuri sana, shangazi."

"Sasa?"

Akaangalia chini. "Tunapenda tu hema."

Wanasheria wote wana uso ule wakidanganya.

Kuna siku maji yalianza kutuama karibu na hema. Nikaona nichimbe kamfereji kuzunguka, maji yapite. Nikaenda jikoni, nikatoa jembe nyuma ya mlango, nikatoka nalo uani.

Weee!

Kibonge alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa kiumbe cha ukubwa ule. Alikimbia mpaka getini, peku, akang'ang'ania vyuma. Wakili akaruka mbele ya hema, mikono ameitandaza kama golikipa.

"Shangazi, bado! Tafadhali, bado!"

"Bado nini?"

Akakimbia kumtoa mdogo wake getini. Nikainama nikachimba mfereji wangu, nao wakanitazama kutoka nyuma ya pipa la maji. Nilipomaliza na kurudisha jembe mahali pake, Wakili akanisogelea polepole.

"Ulikuwa unachimba tu?"

"Kwani ulidhani nataka kukaanga?"

Akashusha pumzi kama mtu mzima. Nami nikaingia ndani nikakaa kwenye kiti. Watoto wananiogopa mimi, nilijiambia. Wananiona kama mchawi.

Jirani yangu ni fundi viatu, mzee wa maneno yasiyo na sukari. Alisikia lile yowe. Akaja kusimama ukutani.

"Jirani, usikasirike. Mtoto hana unafiki. Nyumba yako inatisha, haina hata kikombe kilichokaa vibaya. Na wewe mwenyewe una sauti ya askari."

"Mimi?"

"Hata sasa hivi umenifokea."

Siku hiyo nililia nikinyoosha. Niliunguza kola ya shati la mteja, kitu ambacho hakijawahi kunitokea.

Lakini nikajikaza. Nikawaza, kama wanapenda hema kuliko nyumba yangu, basi mimi nitawafuata hemani. Baba yao aliwaahidi kambi. Kambi wataipata.

Nje kidogo ya mji kuna bwawa, na kando yake uwanja ambao watu huenda kupiga kambi na familia zao. Nilifunga kazi mwisho wa wiki, kitu ambacho sikukifanya hata nilipougua. Nikafunga mkate, mayai ya kuchemsha, chupa mbili za chai na blanketi. Fundi viatu akatupeleka na pikipiki yake ya magurudumu matatu, huku akinicheka njia nzima.

"Dobi kwenda kujilaza kwenye udongo! Dunia imekwisha."

Tulifika jua kali, na familia nyingine zipo, baba wanapuliza mkaa, mama wanafukuzana na watoto. Niliwaangalia. Kwa mbali, mtu asiyetujua angesema na mimi ni mama wa watu.

Mlinzi wa uwanja alikuwa kijana mchangamfu mwenye koti kubwa la mvua.

"Mama, mmekuja siku ya mkosi. Mvua hiyo inakuja."

"Acha ije. Sisi tumeizoea."

Wakili akacheka. Kibonge alipomwona anacheka, na yeye akacheka.

Ilikuja mchana huo huo. Wale wenzetu wenye magari wakakusanya vitu vyao, mmoja mmoja, taa nyekundu zikaishia barabarani. Tukabaki sisi. Hema likavuja kwenye mshono, nikaziba kwa mfuko wa mkate. Maji yakaingia kwa chini, tukakaa juu ya blanketi lililokunjwa, tumebanana kama mayai kwenye trei. Chai ikamwagika. Mkate ukaloa.

Sikuwahi kuwa mchafu vile tangu nizaliwe. Na sikuwahi kufurahi vile tangu nifiwe. Nawaambia ukweli.

Kibonge alilala usingizi wa mchana juu ya mkono wangu. Kwa hiari yake mwenyewe, bila kuambiwa. Mkono ukafa ganzi, sikuthubutu kuutoa.

Wakili akawa anachora kwa kidole kwenye ukungu wa hema.

"Shangazi, hapa ni kwa nani?"

"Si kwa mtu. Ni kwa watu wote."

"Kwa hiyo hata wewe ni mgeni?"

"Hata mimi."

Alifikiri sana. Halafu akaniegemea begani, akasema, "Ni pazuri hapa," na hema zima linavuja.

Nikawa na hakika kwamba tumeshavuka. Nikapanga mambo. Tukirudi, wataingia ndani, watalala kwenye lile shuka zuri, na likizo yote iliyobaki itakuwa yetu.

Kesho yake tulirudi, tumelowa chapachapa. Niliwaogesha maji ya moto. Nikapika kwa sufuria kubwa. Nilikuwa naimba, mimi! Nilipogeuka nikakuta Wakili anaburuta ule mfuko wa hema kwenda uani, unachuruzika maji sebule nzima.

"Unakwenda wapi nalo?"

"Kulisimamisha."

"Hema limeloa, mama. Mpaka likauke. Leo mnalala ndani."

Uso wake ulibadilika. "Tutalikamua, shangazi. Kama mashuka. Mimi nashika huku..."

"Nimesema leo mnalala ndani!"

Sauti ya askari ilitoka yenyewe. Na Kibonge, ambaye jana yake tu alilala juu ya mkono wangu, akajitupa sakafuni.

"Sitaki kulala ndani! Sitaki! Sitaki ndani!"

Alilia mpaka akatapika. Nilimfuta, nikambeba, nikamweka kitandani. Alilala akiwa bado ana kwikwi. Wakili alilala kando yake, macho wazi, ananitazama.

Nilitoka chumbani nikaenda kusimama mbele ya meza ya kupigia pasi. Nilijiona mjinga. Mwanamke mzima, unang'ang'ania watoto wa watu ambao wanaona bora matope kuliko wewe. Kiburi kikanipanda, na kiburi cha mtu aliyeumia hakisikii dawa. Nikachukua simu nikampigia kaka.

"Dada! Nilitaka kukupigia mimi. Wifi yako amejifungua salama, mtoto wa kike, wamemruhusu, yuko nyumbani na mama yake. Nilikuwa nakuomba ukae na hao wakubwa mpaka shule zifunguliwe, apumzike kidogo."

Mpaka shule zifunguliwe. Sikilizeni hapo. Kitu chenyewe nilichokuwa nakiombea kilikuwa kwenye sahani mbele yangu.

Nikasema, "Hapana. Njoo uwachukue."

"Wamekuchosha?"

Nilitaka kumwambia hawajanichosha, mimi ndiye niliyewachosha. Nilitaka kumwambia jana nilikaa kwenye matope nikafurahi. Lakini maneno yalishanikauka, niliwaambia.

"Njoo tu," nikasema.

Asubuhi niliingia chumbani kuwaamsha, nikawakuta wamekaa ukingoni mwa kitanda, wameshavaa. Viatu miguuni. Begi limefungwa, liko magotini mwa Wakili. Kibonge ameshika mswaki wake wa rangi.

Mimi sijamwambia mtu yeyote kwamba baba yao anakuja.

"Mnakwenda wapi?"

"Tunajua ni leo," Wakili akasema.

"Mnajua nini?"

"Kwamba tunaondoka leo."

Nikadhani walinisikia kwenye simu. Nikaona aibu, nikaenda kupika chai.

Kaka alifika. Sikumtazama usoni. Watoto walinishukuru kama walivyoagizwa. "Asante kwa kutuhifadhi, shangazi." Kibonge alirudia vile vile, neno kwa neno. Halafu akanikumbatia mguu, nami nikasimama kama mlingoti, sikujua mikono yangu niiweke wapi. Gari likaondoka.

Niliingia chumba cha wageni kutandua.

Hakukuwa na cha kutandua. Shuka lilikuwa limetandikwa, limevutwa pembe nne, halina mkunjo. Blanketi limekunjwa. Sakafuni hakuna punje. Hata kule sebuleni alipotapika Kibonge pamesuguliwa upya. Nilitafuta, jamani. Nilitafuta soksi iliyosahaulika, nilitafuta alama ya kidole kwenye kioo. Nikachungulia chini ya kitanda kama mwizi. Walikuwa wamejifuta nyumbani kwangu kabisa.

Nyumba ilikuwa safi vile vile nilivyokuwa nikiitaka. Nikakaa kitandani nikalia.

Simu iliita wakati nimeanza kulowanisha mashuka. Kaka. Nyuma yake nasikia malori yanapita, amesimama kwenye kituo cha mafuta.

"Dada, hebu niambie. Ulimfukuza nani?"

"Sijamfukuza mtu."

"Wakili analia tangu tutoke. Nimemuuliza mpaka nimechoka, sasa hivi ndiyo amesema. Unajua amesema nini? Amesema, 'Baba, lile hema lingekuwa kavu, shangazi asingetufukuza.'"

Sikuelewa. Kaka akaendelea, na sauti yake ilikuwa inapanda na kushuka.

"Dada, ule utani wetu wa mlangoni. Mgeni siku mbili. Hawa watoto waliuchukua kama sheria. Wanasema kwa mama mkubwa walilala siku mbili, siku ya tatu nikaenda kuwatoa. Na ni kweli nilikwenda, lakini si kwa sababu hiyo! Wakili akapiga hesabu. Akamwambia mwenzake tukilala kwa shangazi siku ya tatu, tumekwisha. Lakini tukilala nje hatuhesabiwi. Tutakaa mpaka tutakapo."

Nikashika ukingo wa beseni.

"Walikuwa wanataka kukaa?"

"Wanasema walikuwa wanakusaidia kukamua mashuka. Wanasema kuna siku ulitoka na jembe wakajua basi, umewagundua."

Bado! Tafadhali, bado!

Nililisikia upya neno lile, na safari hii nililielewa. Usiku niliowalaza ndani kwa nguvu ulikuwa wao wa tatu ndani ya nyumba. Walikaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni kwa sababu walijua sheria, na mimi, shangazi yao, niliitekeleza asubuhi ile ile.

"Ningegeuza gari sasa hivi," kaka akasema taratibu. "Ila mama yao nimeshamwambia. Yuko mlangoni na kichanga chake anawasubiri."

"Nenda. Usimvunje moyo mzazi aliyesimama mlangoni. Nipe Wakili."

Nikasikia simu inahama mkono, na kwikwi.

"Shangazi, tulikosea?"

"Hapana, mama. Mimi ndiye niliyekosea. Ule ulikuwa utani. Mimi nilitaka mkae."

"Hukusema."

"Sikusema."

Akavuta kamasi. Wakili ni Wakili, akataka kupata uhakika.

"Kwa hiyo usiku wa tatu si vibaya?"

"Si vibaya."

"Na wa nne?"

"Na wa nne."

"Na wa tano?"

"Na wa tano, mama."

"Na wa..."

Mtandao ukakata. Nilipiga, haikupatikana. Nikapiga tena, haikupatikana. Nilisimama pale uani, mikono ina povu, hakuna mtu, kamba tupu.

Nikasema kwa sauti, "Na wa sita." Nikasema, "Na wa saba." Niliendelea hivyo mpaka fundi viatu akachungulia ukutani kuona naongea na nani.

Ndugu zangu mnaosoma, mimi si mwalimu wa mtu. Lakini ukimtania mtoto, mtazame usoni mpaka acheke. Asipocheka, usiondoke, muulize amesikia nini.

Na kama unampenda mtu, mwambie akae. Mimi nilifua mapazia, nilitandika kitanda mara mbili, nilinunua miswaki, nilikesha kwenye kiti, nililala kwenye matope. Vyote hivyo nilivifanya, na hakuna hata kimoja walichokisikia.